Kontena Likizimwa, Meseji Ziko Wapi? Maswali ya Wasomaji

Tangu tuguse habari za ActiveMQ (broka, yaani posta inayotunza meseji kwenye foleni) na Karaf toleo lililopita, barua pepe za safu hii hazijakatika, na nimefurahi kweli. Mifumo hii ya kubeba meseji kati ya mfumo na mfumo huwa haizungumzwi, watu wanaongelea app tu, wakati hela ya mtu ikikwama katikati hakuna hata mmoja anayejua amuulize nani. Maswali mengi yanafanana kwahiyo nimechagua machache, nimeyafupisha, na majina ya ofisi nimeyatoa kama mlivyoomba.

Habari za kazi kaka. Ofisini tuna Karaf moja, ndani yake kuna huduma kama kumi na tano hivi na zote zinachota meseji ActiveMQ. Ile huduma ya kusoma mafaili makubwa ya XML ikizidiwa memori basi zinalala zote, mpaka za malipo. Bosi anasema tuongeze RAM. Tuongeze? (Msomaji, Dodoma)

Salama ndugu yangu. RAM ongezeni mkitaka, lakini shida itarudi palepale, itachelewa tu kufika.

Karaf ni kontena la huduma, yaani ni programu moja ya Java inayobeba vipande vingi ambavyo mafundi tunaviita bando, na kila bando unaweza kuliwasha, kulizima na kulibadilisha toleo bila kumgusa jirani yake, uzuri wake ndo huo. Ila memori ni moja kwa wote. Bando moja likimeza memori yote ya JVM (ile injini inayoendesha programu ya Java) hakuna ukuta wa kuwakinga wengine, na kulizima lile bando saa hiyo wala hakusaidii sana, maana JVM iliyokwisha pata OutOfMemoryError, yaani kosa la memori kuisha, siyo ya kuiamini tena, nyuzi zingine (threads) zinakufa kimya kimya huku orodha ya mabando inaonyesha kila kitu Active. Kwahiyo usichanganye na kontena la Docker, lile unaweza kuliwekea mipaka yake ya memori na CPU inayolindwa na Linux yenyewe, bando la Karaf huwezi. Karaf ilizaliwa ndani ya mradi wa ServiceMix, ikapitia Felix, mwaka 2010 ikawa mradi kamili wa Apache, na Docker imetoka 2013, ndo maana ofisi nyingi zilizoanza zamani zimerundika kila kitu kwenye Karaf moja, enzi hizo ilikuwa ndo busara.

Dawa ni kugawa, na kwa Karaf huhitaji kununua kitu. Amri ya `instance:create` inakutengenezea Karaf nyingine pembeni yenye JVM yake, na memori yake unaipa palepale unapoitengeneza, mfano `instance:create -o "-Xms256m -Xmx1g" mafaili`, halafu `instance:start mafaili`, kisha `instance:list` ikuonyeshe zipi zimewaka na ziko porti gani. Karaf mama kwa kawaida anakaa SSH 8101, RMI 1099 na 44444, watoto wanapewa zinazofuata, kwahiyo mwambieni mtu wa firewall mapema msije mkagombana usiku.

Sasa mnagawaje? Hapa ndo nina msimamo kabisa: msigawe kwa idara, eti kontena la uhasibu, kontena la mikopo. Gawa kwa namna huduma inavyokufa. Zinazokula memori zikae peke yake, zinazongoja mtu wa nje anayejibu polepole zikae peke yake, na malipo yakae mahali ambapo hakuna mtu mwingine anaweza kuyaangusha. Hizo ndogondogo za kuhamisha SMS na barua pepe zinaweza kukaa pamoja bila shida.

Mtakutana na kitu kimoja mkishahamisha. Mtapiga `bundle:list` mtaona bando limeandika GracePeriod, halafu baada ya dakika tano linaandika Failure, na mtadhani programu yenyewe imeharibika. Hapana. Bando hilo linasubiri huduma fulani ya OSGi (ule mfumo wa mabando ambao Karaf imejengwa juu yake) ambayo mmeiacha kwenye Karaf ya zamani, pengine ile ya koneksheni ya database au ya ActiveMQ, na huduma za OSGi hazivuki kutoka JVM moja kwenda nyingine zenyewe. Piga `bundle:diag` itakutajia anachokosa, mpelekee. Na tafadhali acheni kudondosha jar kwenye folda la deploy kwenye seva ya kazi, andikeni faili la features, yaani orodha ya mabando, lenye matoleo yaliyotajwa wazi, siku seva ikiungua mtaijenga upya kwa amri moja badala ya kukumbukumbuka nani alidondosha nini.

Sasa mkuu. Niko na shida. Service yetu ya Camel (maktaba ya Java ya kuunganisha mifumo) iko kwa Docker, inatoa malipo kwa foleni inapeleka kwa mfumo wa sacco. Kila tukiweka version mpya, wateja wawili watatu wanaingiziwa pesa mara mbili. Developer anasema ni ActiveMQ inarudia meseji. Ni ukweli? (Msomaji, Nairobi)

Poa sana, na asante kwa swali hili maana ndilo lililonifanya nitamani kuandika toleo zima kuhusu kontena. Ndiyo, ActiveMQ inarudia, na inafanya sawa kabisa.

Fikiria mzigo unaotumwa kwa basi. Ofisi ya basi haifuti jina kwenye daftari mpaka mpokeaji asaini, na kama hajasaini mzigo unahesabika bado uko mikononi mwao. Broka iko hivyohivyo, meseji inabaki yake mpaka huduma yako iseme nimemaliza. Sasa huduma yako imechukua meseji, imeandika pesa kwa sacco, na kabla haijasema nimemaliza kontena limeuliwa. Broka itajuaje kwamba pesa imeshaingia? Haina namna, inampa mwingine, na mwingine analipa tena.

Kwahiyo swali ni nani anamuua kabla hajamaliza, na hapo angalia namba hizi. `docker stop` inatuma SIGTERM, yaani inaomba kwa heshima, halafu inangoja sekunde 10 tu, baada ya hapo ni SIGKILL, hakuna mazungumzo. Camel yenyewe ikiombwa kuzima inajaribu kumalizia meseji zilizo njiani, na matoleo ya sasa inajipa mpaka sekunde 45, yale ya zamani ilikuwa sekunde 300. Umeona hiyo tofauti? Camel inadhani ina sekunde 45, Docker imempa 10, na mfumo wa sacco ukichelewa kujibu kidogo tu basi pesa iko katikati. Kwa Kubernetes, ule mfumo wa kusimamia makontena mengi, ni sekunde 30, afadhali lakini bado haifiki 45. Weka `stop_grace_period: 60s` kwa faili la Docker Compose, ama `terminationGracePeriodSeconds` iwe kubwa kuliko muda wa Camel, ama punguza wa Camel, chagua mwenyewe lakini namba ya nje lazima iwe kubwa kuliko ya ndani.

Kuna jambo lingine hapo ambalo watu hawalioni kabisa. Kama Dockerfile yako inaanzisha Java kupitia skripti ya shell, basi process namba moja ndani ya kontena ni shell, siyo Java, na shell haipitishi SIGTERM kwa mtoto wake. Maana yake Camel haisikii chochote, inakaa inafanya kazi kwa raha zake sekunde zote kumi halafu inakatwa kichwa. Weka neno `exec` mbele ya `java` kwa ile skripti, Java itachukua nafasi ya shell na itasikia. Utajuaje kama imefanya kazi? Simamisha kontena uangalie namba aliyotokea nayo: 143 ni SIGTERM, amezima vizuri, 137 ni SIGKILL, ameuliwa. Hiyo namba iangalieni kila mnapoweka toleo jipya, ni kazi ya dakika moja na inawalinda wateja wenu.

Lakini hata ukirekebisha hayo yote umeme utakatika, seva itazima ghafla, mtu atachomoa waya. Kwahiyo huduma ya malipo lazima iwe na uwezo wa kupokea meseji ileile mara mbili bila kulipa mara mbili, na hapo sina mjadala na mtu. Camel wana idempotentConsumer kwa kazi hiyo, ila angalieni mitego miwili. Wa kwanza, ile hazina ya memori inayoshika alama za meseji zilizopita inasahau kila kitu kontena likizimwa, yaani inakulinda siku zote isipokuwa ile siku unayoihitaji. Wa pili ni mbaya zaidi. Kwa kawaida inaandika alama ya meseji KABLA ya kuifanyia kazi, na alama ikiandikwa kwenye database nje ya muamala wa malipo, halafu kontena likauliwa katikati, meseji ikirudi itaonekana ilishafanyika na itatupwa, hapo umetoka kwenye kulipa mara mbili umeingia kwenye kutolipa kabisa, na hiyo mteja ndo anakuja kupiga kelele kaunta wakati nyinyi logi zenu ni safi.

Njia ninayoiamini mimi ni ya zamani na ni rahisi: kwa jedwali la malipo weka safu ya namba ya kumbukumbu ya muamala iwe ya kipekee, na hiyo namba iandikwe kwa muamala uleule wa database unaoingiza pesa. Zikija mbili database yenyewe inakataa ya pili, na wewe ukiona imekataa unaikubali meseji unaendelea. Namba yenyewe itoke kwa aliyeanzisha malipo, kama kontroli namba au namba ya muamala wa simu, usitumie JMSMessageID, kwa sababu mtumaji akituma upya meseji inapata kitambulisho kipya hata kama malipo ni yaleyale.

Shikamoo mwalimu. Tuna makontena matatu ya huduma moja, yote yanasikiliza foleni moja. Mawili yamekaa hayana kazi, moja limeganda, na foleni inazidi kurefuka. Docker inasema yote matatu yako Up. Tukirestati lile moja kila kitu kinatembea. (Msomaji, Unguja)

Marahaba. Up ya Docker inamaanisha process ipo hai, basi, haisemi kama inafanya kazi.

Kilichowapata ni hiki. ActiveMQ ikimwona msikilizaji wa foleni haimpi meseji moja moja, inamsukumia rundo mapema ili asingoje, na rundo hilo kwa kawaida ni mpaka meseji 1000. Lile kontena la kwanza limechukua mia kadhaa, likaenda kupiga simu kwa mfumo wa nje usiojibu, likaganda hapo. Koneksheni yake na broka bado ni nzima kwahiyo broka inaamini yuko kazini, na zile mia kadhaa haziwezi kupewa wengine. Mkirestati koneksheni inakatika, meseji zinarudi, wenzake wanazichukua. Ndo maana restati inaonekana ni dawa.

Kwa kazi zinazochukua muda, za sekunde nzima au zaidi kila moja, shusheni namba hiyo, hata iwe 1, kwenye anuani ya broka mnaongeza `?jms.prefetchPolicy.queuePrefetch=1`. Mtapoteza kasi kidogo na kwa malipo mi naona ni bei ndogo sana. Halafu wekeni ukomo wa kusubiri kwa kila mnayempigia nje, hakuna sababu ya huduma kumngoja mtu milele.

Na hili la milele liko sehemu nyingine pia: mkitumia `failover:` kwenye anuani ya broka, mtumaji akikuta broka imelala atasubiri bila ukomo, kwa sababu timeout yake kwa kawaida ni -1. Ukurasa wa mteja unazunguka tu. Kwa wasikilizaji hiyo ni sawa, waache wasubiri, ila kwa upande unaopokea ombi la mtu aliyeshika simu mkononi mpe sekunde chache halafu mwambie ukweli kwamba imeshindikana.

Kipimo cha afya kisiwe process ipo au haipo. Kiangalie hivi: foleni ina meseji, wasikilizaji wapo, je namba ya zilizotolewa inapanda? Isipopanda kwa dakika kadhaa, pigeni kengele. Kontena lisijirestati lenyewe kwa sababu hiyo bila mtu kutazama, mfumo wa nje ukilala mtakuwa na makontena yanayojiwasha na kujizima usiku kucha na kila safari yanarudisha meseji nusunusu.

Tumeweka ActiveMQ yenyewe kwenye Docker. Juzi tumepandisha toleo, foleni zote tupu. Na mara nyingine kontena linakufa lenyewe na namba 137 wakati hakuna aliyelizima. (Msomaji, Mwanza)

Pole sana. Zile za juzi kama kontena la zamani mmeshalifuta hazirudi, kama bado lipo hata kama limezimwa MSILIFUTE, data iko ndani yake, itoeni kwa `docker cp` kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Huduma zinazosikiliza unaweza kuzitupa na kuziwasha upya kutwa mara ngapi sijui, hazibebi kitu. Broka siyo hivyo. Broka ndo anayeshika mali ya watu, meseji zake anaziandika kwenye KahaDB, hazina yake ya kwenye diski, ndani ya folda la data, na folda hilo lisipowekwa kwenye voliumu nje ya kontena basi linaondoka na kontena. Wekeni voliumu, na mjaribu kwa meseji za majaribio: tuma, futa kontena, washa jipya, hesabu. Wakati huohuo hakikisheni watumaji wanatuma meseji za kudumu, kuna wanaozima hiyo kwa ajili ya kasi halafu wanasahau kabisa, na meseji isiyo ya kudumu haivuki restati hata voliumu iwe nzuri vipi.

Hiyo 137 isiyo na mtu ni memori. Tazama `docker inspect` kama OOMKilled ni true. Wengi wanafanya hivi, ActiveMQ imepewa `-Xmx1G` na kontena nalo limepewa ukomo wa 1G, wakati JVM inahitaji nafasi nje ya hipu (memori ile ya `-Xmx`) kwa ajili ya nyuzi, madarasa na bafa za mtandao, ikizidi tu kidogo Linux inaua. Acheni nafasi ya kutosha juu ya hipu. Kama hamjaweka `-Xmx` kabisa, Java itachukua robo ya memori inayoiona, na Java 8 za zamani, kabla ya 8u191, zinaona memori ya seva nzima badala ya ukomo wa kontena, hizo ziacheni haraka.

Na kwa wale wenye broka mbili kwenye voliumu moja ili moja ikilala nyingine ishike: ya pili itaandika kwenye logi kwamba database imefungwa. Huo siyo ugonjwa, ndo kazi yake, inangoja zamu. Msifute faili la `lock` kwa kudhani limekwama. Broka mbili zikiandika KahaDB moja kwa wakati mmoja hakuna fundi wa kuwaokoa, nasema hivi kwa uchungu kabisa. Kama voliumu iko kwenye NFS, yaani diski ya kupitia mtandao, tumieni NFSv4, ile ya 3 kufuli zake hazitabiriki mwenzake anapokufa ghafla.

Salaam alaykum. Niko Muscat, kampuni tunahamia Kubernetes na wakubwa wanataka Karaf yote iondoke kwa mpigo mmoja. Wewe unaonaje?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwa mpigo mmoja hapana, na bahati nzuri hamna haja.

Raha ya foleni ni kwamba anayetuma hamjui anayepokea. Chukua huduma moja, ile isiyo na hatari, ijenge kama kontena dogo la peke yake, liweke lisikilize foleni ileile ambayo Karaf inasikiliza. Meseji zitagawanyika kati yao. Ukiridhika unazima lile bando kwenye Karaf, usiporidhika unazima la Kubernetes, mtumaji hajui kama kulitokea kitu. Angalia tu mpangilio, wasikilizaji wawili maana yake meseji ya pili inaweza kumalizika kabla ya ya kwanza, na kama huduma inahitaji zifuatane kwa kila mteja basi mtumaji aweke `JMSXGroupID`, mfano namba ya akaunti, broka itahakikisha za akaunti moja zinakwenda kwa msikilizaji mmoja. Na zile huduma zinazofanya kazi vizuri na hakuna anayezigusa mwaka mzima, ziacheni mpaka mwisho, Karaf haina ubaya wowote.

Mkaguzi ametukuta na porti 61616 iko wazi kwenye intaneti, meneja anasema haina shida kwa sababu kuna paswedi. Ni sawa? (Msomaji, Arusha)

Siyo sawa, na hiyo porti ifungeni leo. Oktoba 2023 ilitangazwa CVE-2023-46604, udhaifu kwenye itifaki ya OpenWire ambayo ndo inaishi porti 61616, na mshambuliaji hakuhitaji paswedi yoyote, alihitaji kuifikia porti tu ili aendeshe amri zake kwenye seva yako. Alama ya ukali ilikuwa 10 kwa 10. Haikuchukua muda, wahalifu wa HelloKitty, wale wa kufunga data na kudai fidia, walionekana wakiitumia. Waliopona ni wenye 5.15.16, 5.16.7, 5.17.6, 5.18.3 au zaidi, angalieni yenu ni ipi.

Halafu mkiwa hapohapo badilisheni ile admin/admin ya konsoli ya porti 8161, na kwenye Karaf fungueni `etc/users.properties` mtazame kama bado kuna karaf/karaf, maana akishaingia 8101 anaweza kuwasha na kuzima huduma zenu zote na kuweka bando lake mwenyewe. Kwenye Docker kuna kosa la kuandika `-p 61616:61616` bila kufikiria, hiyo inafungua kwenye anuani zote za seva na mara nyingi inapita pembeni ya ufw, mnadhani firewall imefunga kumbe haijafunga. Huduma zikiwa mtandao mmoja wa Docker hazihitaji porti kufunguliwa nje hata kidogo.

Nimekuta foleni inaitwa ActiveMQ.DLQ ina meseji zaidi ya elfu nne, hakuna anayejua ni za nini. Inakula diski. Nifute? (Msomaji, Mombasa)

Usifute dada, au kaka, hukusema. Hizo ni meseji ambazo broka ilizitoa, huduma ikashindwa, zikarudishwa zikajaribiwa tena, kwa kawaida mara 6, halafu zikawekwa pembeni. Humo pia zinaingia zilizopitwa na muda wake kabla ya kusomwa. Kila moja ni ombi la mtu ambalo halikutimia, inawezekana kabisa kuna malipo humo na mwenyewe ameshachoka kufuatilia.

Anza kuzisoma kwenye konsoli, kwenye sifa za meseji kuna `dlqDeliveryFailureCause` inayoandika kosa lililoiangusha, na pale pale utaona ilitoka foleni gani. Zipange kwa kosa. Utakuta nyingi ni kosa moja la siku moja, labda database ililala Jumapili, hizo ukishahakikisha huduma yako inakataa marudio kama nilivyomjibu wa Nairobi unazirudisha kwenye foleni zake kidogo kidogo, siyo zote kwa mkupuo. Zile ambazo data yenyewe ni mbovu hazitapona kwa kurudishwa, zitoe kwenye faili uwape watu wa huduma kwa wateja wazifuatilie mkononi. Zilizopitwa na muda ndo unaweza kufuta, baada ya mwenye biashara kukubali kwa maandishi.

Kwa mbele weka `individualDeadLetterStrategy` kwenye konfigi ya broka ili kila foleni iwe na DLQ yake, za malipo zisichanganyike na za SMS za matangazo, na DLQ ya malipo iwe na kengele inayolia ikifika meseji moja tu. Ukikwama kwenye kuzipanga niandikie tena ukiambatanisha aina za makosa bila majina ya wateja, nitakujibu moja kwa moja bila kungoja toleo lijalo.